Mzinga umehama, nyuki wamebaki: maswali yenu ya kuhamisha mizinga

Mwezi huu maswali yamekuja mengi na karibu yote yanaangukia sehemu moja, kuhamisha mizinga. Nadhani ni kwa sababu wengi wetu tunaofuga kwa kupenda tu, mizinga miwili mitatu mpaka kumi, hatuna msitu wetu, tunakaa kwenye viwanja na viwanja vinabadilika, jirani anajenga, barabara inapita, mti unakatwa, basi inabidi nyuki wahame. Nimechagua barua tano. Mbili nimezijibu kwa urefu maana ndo zenye maumivu zaidi.

Shikamoo mjomba. Nina mizinga mitatu Kibaha, ilikuwa chini ya mkorosho mpakani mwa kiwanja. Jirani kaanza kujenga, mafundi wakalalamika, nikaona niisogeze upande wa pili kama mita 150 hivi. Nilihamisha usiku, vizuri kabisa, hakuna aliyeumwa. Asubuhi saa mbili nashangaa nyuki kibao wanazunguka hewani palepale pa zamani kama wanatafuta kitu, ilipofika saa sita wamejazana kwenye tawi la mkorosho na kwenye tofali za jirani, fundi mmoja kaumwa mara nne. Nimekosea wapi? (Msomaji, Kibaha)

Marahaba mama. Fundi mpe pole yake kwanza, na kama ana uvimbe wa kawaida mahali alipoumwa tu hiyo itapita.

Usiku ulikuwa sahihi, kosa ni hizo mita 150. Sisi tunadhani nyuki anaujua mzinga wake, ile rangi, ule mlango, lakini anachokijua ni mahali. Kaa mbele ya mzinga wako mchana wenye jua zuri, saa nane saa tisa hivi, utawaona nyuki wachanga wanatoka kwa mara za kwanza, hawaendi mbali, wanageuka wanauangalia mlango, wanapepea kushoto kulia wakiwa wameuelekea, alafu wanapanda juu kidogo kidogo kwa miduara inayozidi kupanuka. Pale anajifunza mkorosho uko wapi, ukuta uko wapi, jua liko upande gani. Akishamaliza hilo darasa hatoki tena kwa kuangalia nyuma, anatoka moja kwa moja kama risasi anaenda kwenye maua, na akirudi na mzigo anarudi palepale alipopashika. Sasa wewe umeondoa nyumba usiku kalala, asubuhi kaamka katoka bila kuangalia, na kwa vile mita 150 ni ndani kabisa ya eneo analolijua, akakutana na njia zake zilezile zikamrudisha mkoroshoni.

Ndo maana wafugaji wa nchi za wenzetu wana msemo wao wa siku nyingi kwamba mzinga sogeza futi 3 au peleka maili 3, katikati hapo usiguse. Futi 3 ni kama hatua moja, nyuki atababaika kidogo na ataona mlango ulipo. Maili 3 ni karibu kilomita 5, huko akitoka asubuhi haoni kitu chochote anachokijua kwa hiyo analazimika kuanza darasa upya.

Cha kufanya leo. Usirudishe mizinga, utawachanganya mara ya pili na jirani atakuchoka. Chukua mzinga mtupu au hata boksi la mbao, weka ndani kipande cha sega kuukuu au viunzi viwili (vile vijiti vya juu vinavyoshika masega) vyenye nta, liweke palepale pa zamani kuanzia saa kumi jioni. Wale wanaohangaika wataingia kwa sababu giza linakuja na wanataka pa kulala. Saa mbili usiku unaliziba, unalibeba taratibu mpaka mbele ya mizinga yako mipya, unaliacha wazi likiwa karibu kabisa na milango. Asubuhi wengi watanusa wenzao wataingia, na nyuki anayekuja na mzigo huwa hapigwi sana mlangoni hata akikosea nyumba. Utarudia hivo jioni tatu nne, kila siku watapungua.

Pamoja na hilo, leo usiku huohuo weka matawi yenye majani mbele ya milango ya mizinga, yawe kama kichaka kidogo, nyuki akitoka agonge jani. Akikuta kitu kigeni mbele ya mlango anasimama, anageuka, anaangalia upya. Hii ungeifanya usiku ule wa kwanza ungepunguza hasara sana, siyo kwamba ingeimaliza.

Ukitaka kuhamisha umbali wa katikati kwa utulivu siku nyingine, peleka kwanza mizinga kwa ndugu au rafiki aliye zaidi ya kilomita 5, iache huko wiki tatu, alafu irudishe pale unapopataka. Kwa nini wiki tatu, ni kwa sababu nyuki akishaanza kazi ya kwenda maua hana maisha marefu, wiki mbili tatu amechakaa mabawa kafa, kwa hiyo ukirudi wale wenye kumbukumbu ya mkorosho wengi hawapo tena. Au kama huna haraka, sogeza hatua moja kila siku, na usihesabu siku za mvua ambazo hawakuruka.

Nakuelewa sana maana 2012 nilifanya hivohivo, niliutoa mzinga mmoja nyuma ya jiko nikaupeleka mwisho wa shamba, mita kama 80. Mchana mke wangu akaniita, kamba ya nguo ilikuwa nyeusi, nyuki wameganda kwenye kanga mbili zilizoanikwa na wengine wanaongezeka, hawapigi mtu, wametulia tu wameshikana miguu. Tulisubiri jioni, nikakata kamba upande mmoja nikateremsha kanga zote mbili taratibu ndani ya boksi. Mpaka leo nikihamisha mzinga lazima nikumbuke ile kamba.

Na mafundi wa jirani, nenda mwenyewe ukawaombe wafanye kazi upande wa pili wa nyumba siku tatu hizi. Ukirina, chupa ya kwanza iende kwao.

Mjomba habari za kazi. Mimi niko Dodoma, nina mizinga minne ya topu baa. Rafiki yangu ana shamba la alizeti Singida akaniambia leta nyuki wako, maua yameanza. Nikakodi kirikuu, tukaondoka saa kumi na moja alfajiri, njia ya vumbi ilikuwa na makorongo. Tulivyofika saa nne mizinga miwili asali inachuruzika chini, nikafungua nikakuta masega yameanguka yote, nyuki wamelowa wamekufa rundo, majana, yaani watoto wa nyuki, yamebondeka. Miwili mingine ni mizima. Roho imeniuma sana, nilikuwa nayo miaka mitatu. (Msomaji, Dodoma)

Pole sana ndugu yangu. Nimesoma barua yako mara mbili. Kufungua mzinga ukakuta ile harufu tamu na hakuna mlio, ni kitu kibaya, na mtu asiyefuga hawezi kuelewa kwa nini unalia kwa ajili ya wadudu.

Tuangalie vitu vilivyoiua ile miwili, maana nadhani vilikuwa zaidi ya kimoja.

Kwanza uzito. Sega la topu baa halina fremu, limening'inia kwenye kiunzi kwa juu tu, chini na pembeni liko huru. Sega jipya lile jeupe ni laini kama mkate wa moto, ukijaza asali kilo mbili ukalitikisa kwenye makorongo lazima likatike shingoni. Sega kuukuu la majana, lile la kahawia hadi jeusi, ni gumu zaidi kwa sababu kila jana anayezaliwa anaacha ngozi yake ndani ya tundu. Kwa hiyo kabla ya safari rina asali, toa masega mapya yote yenye uzito, acha ya majana na asali kidogo ya kula njiani. Baada ya kurina usisafiri kesho yake, ngoja kama wiki mbili bila kufungua, nyuki watagandisha viunzi upya kwa ile gundi yao na kila kitu kitakuwa kimeshikana.

Pili namna ya kuipanga kwenye gari, na hapa ndo watu wengi wanakosea kwa sababu gari linapakiwa kwa nafasi. Gari linayumba zaidi mbele na nyuma, breki na kuondoka. Sega likiwa limeelekea njia, yaani ubapa wake unatazama madirisha ya pembeni, breki inalivuta kwa urefu wake na linastahimili. Likiwa limekata njia linapepea kama mlango na kukatika. Kwenye topu baa viunzi vinakata upana wa mzinga, kwa hiyo mzinga wenyewe inabidi ulale kukata barabara, kichwa upande wa dereva na mkia upande wa abiria. Mzinga wa Langstroth, ule wa sanduku lenye fremu, ni kinyume, fremu zinafuata urefu, basi sanduku nalo lifuate barabara. Hebu kumbuka, ile miwili iliyopona ilikuwa imekaaje? Nadhani jibu utalipata hapo.

Tatu joto. Saa kumi na moja alfajiri ni kuchelewa, kwa sababu saa mbili jua la Dodoma lishakukuta njiani. Nyuki wanatunza majana kwenye nyuzijoto 34 mpaka 35, na wakifungiwa wakishtuka wanapiga mabawa wote kwa pamoja joto linapanda badala ya kushuka, nta inalainika muda mrefu kabla haijayeyuka, sega linakatika, asali inawamwagikia, wanakufa kwa kuzama na kukosa hewa. Ziba mlango saa moja na nusu au saa mbili usiku wakati wote wameingia, ziba kwa wavu wa madirisha ule wa mbu, siyo kwa tambara wala sponji. Kama unaweza, toa kiunzi kimoja mwishoni uweke wavu hapo juu nako hewa ipite. Funga mzinga na mikanda au mpira wa ndani wa baiskeli, mizunguko miwili. Nyunyizia maji kidogo juu ya wavu kabla ya kuondoka. Ondoka saa tatu usiku, ufike kabla hakujapambazuka, uishushe kwenye sehemu ambayo uliishaitengeneza mapema mchana, na dereva awe amevaa vazi lake au liwe karibu na mkono wake.

Mimi kila tukisimama nagonga mzinga kwa kidole na kuweka sikio. Mlio wa haraka, vuuu, ukapanda ukashuka ukatulia, hao wako sawa. Mlio ukipanda ukabaki juu hauteremki, wamepata joto, nyunyiza maji tena na uendelee na safari maana upepo wa gari unawasaidia kuliko kusimama. Usisimame kituo cha mafuta kwenye taa nyingi, yule mmoja aliyepata kitundu atafuata taa na watu wako chini yake.

Kuhusu ile miwili iliyopona, iache kwenye alizeti, ila ongea na mwenye shamba leo kuhusu dawa. Kama lazima apulize, apulize jioni nyuki wamerudi, na akuambie siku moja kabla. Masega yaliyoanguka usitupe, yeyusha nta uisafishe, utaitumia kupakaa mizinga mitupu.

Salamu mzee, mimi niko Mwingi, Kitui. Nilinunua nyuki kwa jamaa mmoja kama kilomita 20 kutoka kwangu, zikaletwa na pickup usiku, zikafika poa. Kila jioni nilikuwa nazifungulia nione kama zimetulia. Siku ya nne nikaenda nikapata mzinga uko mtupu, hata moja haijabaki. Kwani nyuki zinaweza kukataa boma? (Msomaji, Mwingi)

Zinaweza, na nyuki wetu wa Afrika ni wepesi wa kukataa kuliko wale wa Ulaya. Nyuki wa kule baridi wamezoea kushikilia nyumba na akiba yao mpaka msimu upite. Wa kwetu wamezoea ukame na moto wa nyika, na nyegere anayekuja usiku kubomoa, wakiona mahali pana usumbufu wanabeba asali tumboni wanaondoka na malkia wao.

Wewe uliwafungulia kila jioni, hapo ndugu ndo uliwafukuza bila kujua. Wametoka kutikiswa barabarani, wakafika mahali wasipopajua, na kila siku paa linafunguliwa moshi unaingia. Mzinga ukishautua fungua mlango, ondoka, kwa siku kumi usiuguse. Uangalie kwa mbali asubuhi, ukiona wanaingia na chavua kwenye miguu, vile vidonge vya njano au vya machungwa, jua malkia anataga na majana wanalishwa, hawaondoki kirahisi.

Jingine muulize aliyekuuzia, mzinga ulikuwa na majana? Kundi lenye majana wengi wadogo ni gumu kuhama kwa sababu hawaachi watoto. Lisilo na majana halina kinacholishika. Kuna watu wanaziba mlango kwa kile kiwavu cha kumzuia malkia, nyuki vibarua wanapita yeye hapiti. Kwa siku tatu nne sina shida nacho, ila kusahau ukakiacha wiki mbili tatu siungi mkono, madume nao hawapiti, wanakufa na kuziba mlango.

Na huko Kitui maji, kivuli. Beseni lenye mawe na changarawe wasije wakazama, lisikauke hata siku moja, na mzinga uwe chini ya mgunga au mti wowote wenye kivuli cha mchana. Ukame ukizidi wape sukari na maji kiasi sawa kwa sawa, wape jioni ndani ya mzinga, siyo nje maana utaita siafu na nyuki wa watu wengine waje kuiba.

Mzinga usiuondoe hapo. Usafishe, pakaa nta ndani, sugua na mchaichai mbichi. Harufu ya mchaichai iko karibu na ile harufu nyuki wanayoitoa kuitana. Unaweza kupata kundi lingine msimu wa maua bila kununua.

Shikamoo mjomba, mimi siyo mfugaji. Jana kundi la nyuki limetua kwenye mwembe mbele ya madrasa hapa Tanga, limening'inia kama kikapu, watu wanataka kulichoma na mafuta ya taa. Nifanyeje? (Mama wa watoto wawili, Tanga)

Marahaba mwanangu. Tafadhali wazuie na mafuta ya taa, kundi likipigwa moto nusu watakufa na nusu wataingia madarasani. Hao wamegawanyika kutoka kwa wenzao, wanapumzika, kuna nyuki wachache wametumwa kutafuta nyumba na wakipata wataondoka wote, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Wakiwa wametoka karibuni wameshiba asali na hawana nyumba ya kulinda kwa hiyo ni wapole kidogo, lakini wakiwa wametoka mbali wana njaa na siyo wapole, na kwa macho huwezi kujua hawa ni wepi. Ondoa watoto, wapite mlango wa nyuma, asirushwe jiwe. Ulizia afisa nyuki au afisa misitu wa wilaya au mrina asali yeyote, aje jioni na boksi, nusu saa kazi imeisha.

Mtu akiumwa atoe mwiba haraka, kwa kucha au kisu haijalishi, kwa sababu ule mfuko unaendelea kusukuma sumu hata nyuki akishaondoka, na asogee mbali maana mwiba unatoa harufu inayowaita wengine. Ni harufu ya ndizi mbivu kabisa, ukiinusa karibu na mzinga na hakuna ndizi, ondoka. Akianza kuvimba midomo au koo, kupumua kwa shida, kutapika au kuzimia, hiyo siyo ya kusubiri, hospitali mara moja hata kama ni mwiba mmoja.

Mjomba swali fupi, nina mizinga miwili imetundikwa kwa waya Morogoro, siafu wameimaliza mmoja usiku mmoja. Nataka kuhamisha uliobaki, niupeleke wapi? (Msomaji, Morogoro)

Usiuhamishe. Siafu watakufuata popote penye unyevu, na nyuki wako wakishtuliwa mara mbili ndani ya wiki moja wataondoka. Pakaa grisi nzito kwenye waya zote, upana wa kiganja, karibu na mzinga na siyo karibu na mti, rudia kila wiki mbili na kila baada ya mvua kubwa maana vumbi na majani vikigandia siafu wanapata daraja. Alafu chukua panga ukate kila tawi na kila jani refu linalogusa mzinga. Mimi mwaka jana nilikuwa na grisi safi kabisa na bado walipita, walipita kwenye unyasi mmoja mrefu uliokuwa umeinama ukagusa kona ya mzinga. Leo jioni nenda ukaangalie kona zote nne.